Kula mitaani Fes na mama mwenye kisukari na mtoto mwenye mzio wa lozi

SWALI: "Mwezi wa Novemba nitakuwa Fes, Moroko, kwa siku nne pamoja na mama yangu wa miaka 63 na binti yangu wa miaka 9. Tumelipia nusu ya ziara ya chakula cha mtaani ndani ya mji wa kale: mwendo wa saa nne kwa miguu, vituo tisa, kundi la watu 12. Mama ana kisukari, anameza metformin na glibenclamide. Binti ana mzio wa lozi. Alipokuwa na miaka 5 alivimba midomo akakohoa mpaka tukamkimbiza hospitali. Shemeji yangu anasema chakula chochote cha moto ni salama. Rafiki anasema tuanze antibiotiki siku moja kabla. Mimi naona sisi watu wa Mombasa tuliokulia viazi karai na mishikaki ya barabarani hatuna cha kuogopa. Je, twende? Na wakituletea konokono, yafaa kula?"

JIBU: Dada, nendeni mkale mitaani, lakini msiende na ziara hiyo kama ilivyopangwa. Watu 12, vituo tisa na saa nne ni mpango wa vijana wasio na maradhi. Nyinyi mna mtu anayeweza kuangushwa na sukari kushuka, na mtoto anayeweza kuzibwa koo na kipande cha lozi kisichozidi punje ya mchele. Ziara inaweza kukatwa ikawafaa, na nitakuonyesha pa kukata. Kwanza tumalizane na shemeji, maana asemayo ndiyo wasafiri wengi wanayoyaamini.

"Cha moto ni salama" ni nusu ya ukweli. Vijidudu vingi hufa chakula kikiiva mpaka ndani. Shida huanza baada ya hapo. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi vijidudu huzaana, na chakula cha nyuzi 45 ulimini unakisikia moto vizuri tu. Isitoshe, wako vijidudu wanaotema sumu ambayo haiharibiki chakula kikipashwa upya: mdudu anakufa, sumu inabaki. Kwa hiyo usiulize kama chakula ni cha moto. Uliza kimetoka motoni lini na kimekaa wapi tangu hapo. Kikikaa nje ya moto chini ya muda wa saa mbili hakina neno. Jua likiwa kali kupita nyuzi 32, muda huo unakuwa saa moja. Novemba Fes kuna ubaridi, hapo mna nafuu.

Jambo hili Fes unaweza kuliona kwa macho. Chukua bissara, supu nzito ya ful, yale maharage mapana yaliyokaushwa na kumenywa, inayouzwa asubuhi kwenye viduka vidogo kandokando ya Talaa Kebira, njia kuu ya mji wa kale, na kwenye vichochoro vinavyoingia humo. Hupikwa kwenye chungu kikubwa, ikapakuliwa bakulini, ikamiminiwa mafuta ya zeituni na kunyunyiziwa bizari nyembamba na pilipili nyekundu ya unga. Wanga wa ful huganda unapopoa. Tazama upawa: bissara iliyo motoni humiminika kama uji mwepesi na mvuke unaonekana, iliyopoa hudondoka mabonge, na juu ya chungu kuna ngozi ambayo muuzaji lazima aipasue kwanza. Ukiona ngozi hiyo, pita. Huna haja ya kujua Kiarabu wala kuuliza mtu. Harira, supu ya nyanya, dengu na njegere, isome vivyo hivyo, ila yenyewe saa yake ni alasiri na magharibi. Ukiuziwa harira saa nne asubuhi, uliza ni ya leo au ya jana.

Na hapo ndipo penye faida ya kweli ya mtu anayeujua mji: kila chakula cha mtaani Fes kina saa yake, na salama yake iko ndani ya saa hiyo, wakati wateja wamesimama foleni na chungu hakipumziki. Bissara na sfenj ni za asubuhi. Nyama ya kuchoma ni ya mchana na usiku. Konokono na harira hushika jua likianza kushuka. Ziara inayoahidi vyote hivyo ndani ya saa nne mfululizo, lazima baadhi yake ikukute nje ya saa yake.

Sfenj ningeiweka kuwa tonge salama kuliko yote kwenye medina, yaani mji wa kale. Ni binamu ya mahamri asiye na sukari wala tui: unga wa ngano, hamira, chumvi na maji, donge laini hata halishikiki kwa mkono mkavu. Muuzaji hulowanisha vidole, akanyofoa kibonge, akakitoboa katikati kwa kidole gumba, akakivuta kikawa pete na kukiachia kwenye karai la mafuta. Hugeuzwa kwa chuma kirefu na kutoka baada ya dakika chache, mbele ya macho yako. Hakuna nafasi ya mdudu kuingia kati ya karai na mdomo wako, isipokuwa kwenye vidole vyako mwenyewe. Kinachoharibika ni mafuta: yakiwa meusi, yenye povu lisilotulia na harufu inayokaba koo, tafuta karai lingine.

Nimetaja vidole kwa makusudi. Moroko mkate ndio kijiko. Khobz, mkate wa duara unaotoka kwenye matanuri ya mtaa yanayowashwa kuni, hutoka salama kabisa. Kisha unaumega kwa mkono ulioshika noti, ukuta wa kichochoro na shingo ya punda. Kuhara kwa wasafiri huweza kuja kwa njia hii pia, na watu wanawalaumu wapishi. Nendeni na sabuni ndogo na chupa ya maji ya kunawia. Dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti husaidia, lakini kwa baadhi ya virusi vya kutapisha haifanyi kazi vizuri kama sabuni na maji. Mmoja wenu awe ndiye mshika pesa, na huyo asimmegee mtoto mkate. Mwongoza watalii anayelipa mwenyewe kila kituo amewapunguzia hatari hiyo bila hata kujua.

Sasa, "matumbo ya Mombasa". Kuna kitu ndani yake. Aliyekulia mahali penye vijidudu vya tumbo huwa amejenga kinga kiasi, na huumwa mara chache kuliko mgeni atokaye nchi za baridi. Ila kinga hiyo ni ya vijidudu mlivyokutana navyo. Aina hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na kwa sumu iliyokwisha kutemwa ndani ya chakula kinga haisaidii kitu. Mtoto wa miaka 9 kinga yake bado changa. Tena uimara wa tumbo hauna uhusiano wowote na mzio wala kisukari, na hayo mawili ndiyo yanayonitia wasiwasi.

Antibiotiki za kujikinga, hapana. Kwa msafiri wa kawaida hazishauriwi: zinaua bakteria wema wa utumbo, zinafundisha wabaya usugu, na virusi haziwagusi. Kwa mama yako kuna sababu kubwa zaidi. Mojawapo ya dawa ambazo watu hujinunulia kwa ajili ya tumbo ni ciprofloxacin, na ciprofloxacin ikikutana na glibenclamide inaweza kushusha sukari ghafla na vibaya. Rafiki alikutakia mema, lakini ushauri ule ungeweza kumlaza mama yako. Kama daktari ataona mbebe antibiotiki ya akiba, achague yeye, akiwa na orodha ya dawa zote za mama mbele yake.

Nikae kidogo kwa mama. Metformin peke yake huwa haishushi sukari kupita kiasi. Glibenclamide ni nyingine: inaisukuma kongosho kutoa insulini, umekula hujala. Na ziara za chakula zina desturi ya kuwaambia wageni waje na njaa, wasifungue kinywa. Kwa mama yako agizo hilo ni hatari. Amemeza kidonge asubuhi, hajala, anatembea kwenye ngazi na miteremko, na kituo cha kwanza kimechelewa nusu saa kwa sababu wageni wawili walipotea. Ataanza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kuchanganyikiwa. Ale kifungua kinywa chake cha kawaida kwa saa yake ya kawaida, na ziara ichukue nafasi ya chakula cha mchana, isiwe nyongeza juu yake. Apime sukari kabla ya kutoka, katikati na mwisho. Ikiwa chini ya 4.0 (kwa kipimo cha mmol/L), apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, akae chini, apime tena baada ya dakika 15; ikiwa bado iko chini, arudie. Sukari hiyo muibebe wenyewe. Msitegemee duka lililo jirani, maana kwenye vichochoro vile "jirani" ni neno la kubahatisha.

Upande wa pili ni sukari kupanda, na adui hapo ni chai kuliko chakula. Chai ya Moroko, majani ya kijani yenye nanaa, hutiwa sukari ndani ya birika lenyewe, kisha humiminwa glasini na kurudishwa birikani mpaka ikolee. Sukari ikishaingia haitoki. Glasi moja ndogo yaweza kuwa na vijiko viwili au zaidi, na heshima ya mwenyeji ni kukujazia tena. Basi kusema "kidogo tu" wakati wa kumiminiwa hakusaidii. Sharti ombi lifike kabla birika halijaandaliwa: "bla sukkar", bila sukari. Neno mnalielewa tayari. Kisha mkate. Vituo tisa vyenye kipande cha mkate kila kimoja ni mikate miwili au mitatu bila mtu kujua. Mama ashike robo ya mkate mmoja kwa ziara nzima, ajishibishe kwa bissara, mishikaki, zeituni na mayai ya kuchemsha yenye chumvi na bizari. Kama ana presha pia, apunguze zeituni, na khlii aionje tu. Hiyo ni nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi, kitunguu saumu na viungo, ikaanikwa, ikapikwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Aliyewahi kula nyirinyiri atainusa na kuitambua. Haiharibiki upesi, lakini ina chumvi nyingi sana.

Bissara nayo ina sharti moja ambalo miongozo ya watalii huisahau. Katika mwambao wetu, kama sehemu nyingine zenye malaria, wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Wengi hawaoni dalili mpaka wapewe dawa fulani, au wale ful. Chembe nyekundu za damu huvunjika, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, macho yakawa manjano. Kama yeyote kati yenu aliwahi kuambiwa ana upungufu huo, aache bissara kabisa. Kama hamjui, na kuna aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa, mwambieni daktari kabla ya safari.

Binti. Ukisoma aya moja tu ya jibu hili, iwe hii. Midomo kuvimba pamoja na kikohozi si mzio mdogo. Mwili ulianza kufunga njia ya hewa, na mara nyingine unaweza kwenda mbali zaidi. Fes ni mji wa lozi. Ziko ndani ya bastila, ile sambusa kubwa ya duara ya njiwa au kuku, zimekaangwa, zimesagwa na kuchanganywa na mdalasini. Ziko ndani ya "pembe za paa", vibiskuti vilivyopinda kama mwezi mwandamo. Ziko kwenye sellou, kitamu cha unga wa kukaanga; kwenye briwat, visambusa vidogo; kwenye amlou, uji mzito wa lozi unaopakwa kwenye msemen, zile chapati za kukunjwa. Ziko kwenye mashine ya juisi, kwa sababu maziwa ya lozi husagwa kwenye jagi lile lile la parachichi. Muuzaji akikwambia kwa moyo safi kwamba halua hii haina lozi, anasema kweli kuhusu unga. Koleo na trei hakuziwaza.

Kwa hiyo kanuni ya mtoto iwe ngumu: hakuna halua wala kitafunwa kitamu chochote, hakuna bastila, hakuna juisi ya mashine, hakuna chapati iliyopakwa kitu. Ale sfenj tupu, mkate wa tanuri, mishikaki, harira, mayai, machungwa anayomenyewa na wewe. Atashiba na kufurahi. Mubebe sindano mbili za adrenalini za kujichoma, ambazo kwetu si kila duka la dawa huwa nazo, basi anzeni kuzitafuta mapema kupitia daktari wake. Vidonge vya mzio vinapunguza kuwasha. Koo likianza kuziba havilifungui. Dalili zikianza, sindano kwanza, pajani upande wa nje, hata juu ya nguo. Kisha alazwe miguu juu, au akae kama anapumua kwa shida, asitembezwe. Kisha ambulensi kwa namba 15. Na hapa kuna jambo la medina yenyewe: Fes el-Bali, sehemu iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, haipitiki kwa gari. Mizigo hubebwa na nyumbu na punda, na ukisikia "balak!" ujibane ukutani. Mgonjwa hubebwa mpaka mlangoni mwa mji. Ndiyo maana nasema njia yenu isipite mbali sana na uwanja wa Rcif, ambako gari hufika.

Maziwa nayaweka kwenye kundi la kuachwa na wote watatu. Jben, jibini laini nyeupe ya mbuzi au ng'ombe, pamoja na raib (maziwa ya kugandishwa) na lben (maziwa chachu ya kunywa) za kienyeji, mara nyingi hutengenezwa kwa maziwa mabichi. Maziwa mabichi hubeba bruselosisi, na ugonjwa huo hauji usiku ule ule; huja baada ya wiki kadhaa kwa homa zinazopanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, wakati mmeshasahau mlikula nini. Mtindi wa kiwandani uliofungwa hauna neno. Ziacheni pia saladi zilizokatwa mapema, mayonezi na barafu. Nyama ya kusaga, pamoja na ile ya ngamia ambayo bucha hutangaza kwa kuning'iniza kichwa cha ngamia mbele ya duka, ichomwe mpaka ndani isiwe na wekundu. Mshikaki wa nyama nzima una vijidudu juu, moto unavifikia. Nyama ikishasagwa, vya juu vimeingia ndani. Heri isagwe mbele yenu na kupelekwa papo hapo kwa mchomaji wa jirani, kuliko ile iliyokwisha finyangwa na kupangwa kwenye trei tangu asubuhi.

Twende kwenye ziara yenyewe. Unalipia nini hasa? Si chakula: bakuli la bissara au harira ni dirhamu chache tu. Unalipia njia, lugha na kuijua saa ya kila chungu. Kundi kubwa linaharibu hiyo ya tatu. Mwenye duka akijua watu 12 wanakuja saa tano, kuna uwezekano mkubwa atapakua mapema sahani zingoje, na hapo mmeupoteza ubora ule ule mliousafiria. Ningebadilisha hivi: mwongozaji wa binafsi kwa ajili yenu watatu, muda wa saa mbili na nusu, vituo vinne au vitano, asubuhi kuelekea mchana. Mtalipa zaidi kwa kichwa. Nadhani inafaa, kwa sababu mtoto na bibi hawawezi kuomba kundi zima lisimame. Kwenda wenyewe inawezekana pia, na bei ni ndogo mno, lakini mzio wa mtoto unahitaji mtu anayeweza kuuliza swali la pili na la tatu kwa Kiarabu cha Moroko. Kama mama anaumwa miguu, achaneni na matembezi, tafuteni darasa la upishi kwenye nyumba ya wageni: moto mnauona, viungo mnavishika wenyewe, na lozi zinawekwa kando tangu mwanzo.

Njia ianze Bab Bou Jeloud, lango la bluu upande wa nje na kijani upande wa ndani, ishuke Talaa Kebira kuelekea msikiti wa al-Qarawiyyin, imalizikie Rcif. Mtashuka tu, hamtapanda. Rcif mtapata teksi ndogo nyekundu kurudi. Anayewarudisha kwa miguu mpaka Bou Jeloud baada ya kula, amemsahau mama. Epukeni Ijumaa mchana. Maduka mengi hufunga kwa ajili ya sala na kuskusi ya nyumbani. Waongoza watalii Moroko wanatambuliwa kwa sheria namba 05-12, na aliyeidhinishwa ana kitambulisho rasmi cha kuvaa. Ombeni kukiona. Mkimaliza kula na njia ikakunja ghafla kuelekea duka la mazulia, semeni "la, shukran" na mwendelee. Pale kuna kamisheni ya mtu.

Konokono. Kiafya sina tatizo nao wakiwa kwenye supu inayotokota: wamechemshwa muda mrefu na viungo kama zaatari na mizizi ya susi, unawachokoa kwa kijiti, kisha unakunywa supu. Kidini ni habari nyingine, na ndiyo uliyouliza. Wamoroko ni Wamaliki, na katika madhehebu yao konokono wa nchi kavu huruhusiwa akiuawa kwa nia ya kuliwa, mfano kwa kuchemshwa. Pwani yetu ni ya Mashafi, na kwao konokono hahalaliki. Ndiyo maana mtamwona mzee mwenye tasbihi akinywa supu ile bila wasiwasi, wala hakuna aliyekosea. Kwenu nyinyi aamue shekhe wenu; mkikataa, hakuna atakayechukia.

Mkiumwa tumbo, msimlaumu wa mwisho kuwalisha. Kutapika ndani ya saa moja hadi sita huelekeza kwenye sumu ya chakula cha karibuni. Virusi huchukua saa 12 hadi 48. Bakteria wa kuhara kwa wasafiri siku moja hadi tatu. Mengi hupita yenyewe. Kazi yenu ni maji: pakiti za ORS, au lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mama akihara sana au kutapika, suala la metformin na glibenclamide linabadilika: mwili ukikauka, daktari kwa kawaida husimamisha ya kwanza kwa muda, na ya pili ni hatari kwa asiyekula. Maagizo hayo mchukue kwa maandishi kabla ya kupanda ndege. Msisubiri asubuhi kukiwa na damu kwenye choo, homa kupita nyuzi 38.5, kutapika kusikokubali hata maji, mtoto kutokojoa saa nane, au sukari ya mama kuwa chini ya 4 na haipandi, au juu ya 14 huku anaumwa. Fes ina hospitali ya chuo kikuu, Hassan II. Mwenye nyumba ya wageni atawapeleka. Dawa ya kufunga choo asipewe mtoto, wala yeyote mwenye homa au damu.

Kamwoneni daktari wiki nne hadi sita kabla ya safari, mkazungumze pia chanjo ya homa ya matumbo na ya hepatitisi A. Salio la ziara msilipe bado. Mtumieni mwenye ziara ujumbe huu leo: "Tuko watatu. Mtoto ana mzio mkali wa l-luz, hata kugusana na chombo. Mama ana kisukari, hawezi kuanza na njaa. Tunaomba ziara ya binafsi, vituo visivyozidi vitano, tuishie Rcif. Tuandikie jina la chakula cha kila kituo, saa tutakayofika, na kama kinapikwa mbele yetu." Mwenye kazi yake atawajibu kituo kwa kituo. Akiwarudishia "makayn mushkil", yaani hakuna shida, basi na hakuna jingine, tafuteni mwingine.